Ua Huu Ataukata Nani?

Anayeteremka kutoka Musanze kwenda Gisenyi hupita Mahoko, katika sekta ya Kanama, magharibi mwa Rwanda, pale mto Sebeya unapopenya kati ya vilima kabla ya kushika njia ya Nyundo na kumwagika Ziwa Kivu. Ni mahali pa soko. Karoti, vitunguu, kabichi na viazi vya vilima vya jirani huuzwa hapa, na sehemu ya mzigo huishia Goma, ng'ambo ya mpaka wa Congo. Nyuma ya maduka kuna bustani ndogo zilizobanana, na kati ya bustani na bustani kuna nyua ambazo zimewagombanisha majirani tangu enzi za babu zao.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya 546,000 katika wilaya ya Rubavu, ambayo eneo lake halifiki kilomita za mraba 400. Katika msongamano huo hakuna mpaka wa bustani usio na mtu upande wa pili. Ua ukinyauka, ukianguka au ukinenepa kupita kiasi, wanaoumia ni wawili. Kwa hiyo mjadala huu ni wa mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30: ua wake wa miti umechoka, je, autengeneze au aung'oe ajenge ukuta? Na akiutengeneza, kazi hiyo ni ya nani?

Hoja nimezigawa katika vinywa vitano: mama mwenye bustani, fundi wa mawe, mfugaji wa ng'ombe mmoja, kijana aliyesoma, na mzee aliyewahi kuketi na abunzi, wale wapatanishi wa jamii. Hawa si watu fulani wanaojulikana kwa majina. Ni hoja zinazosikika vilimani, nami nimezipa sauti zijibizane. Msimamo wangu nitausema mahali pake.

Fundi: Nianze mimi, maana mimi ndiye huitwa mambo yakishaharibika. Mama, hiyo miti ya miyenzi ya ua wako ilipandwa na baba mkwe wako, Mungu amrehemu. Juu imenenepa, chini imebaki uchi. Kuku anapita, mbuzi anapita, mtoto anapita akifuata mpira. Mapengo umeyaziba kwa bati la zamani, kwa gunia, kwa kitanda kilichovunjika. Kila mwaka unaongeza kiraka. Ukuta unajengwa mara moja. Mawe meusi ya volkano hatuyaagizi mbali, na ukuta ukipangwa vizuri wajukuu zako wataukuta umesimama.

Mama: Kuhusu kuku umesema kweli, fundi. Lakini ua huu haukubaki uchi kwa sababu ni wa miti. Umebaki uchi kwa sababu hatukuukata. Miyenzi ukiiacha ipande inavyotaka, matawi ya juu yanaziba jua na ya chini yanakufa. Mama mkwe wangu alikuwa akiupunguza kabla ya mvua za umuhindo, mwezi wa tisa, na tena kabla ya itumba, mwezi wa pili kwenda wa tatu. Alikata ukawa mpana chini na mwembamba juu, jua likafika hadi kwenye udongo. Alipofariki, kila mtu nyumbani akadhani ua hujitunza wenyewe.

Fundi: Na sasa umeshachelewa. Mti mzee haunyooshwi.

Mama: Miyenzi haijui uzee huo. Unaikata magotini mvua zikikaribia, inachipua upya kutoka kwenye kisiki. Palipo na pengo unachukua tawi la urefu wa mkono, unaliweka kivulini siku chache hadi utomvu ukauke pale ulipokata, halafu unalichomeka. Usilipande likiwa bichi linatiririka, litaoza. Tawi refu lililo karibu na pengo usilitupe, lilaze ubavu, ulifunge kwa kamba ya mgomba. Matawi mapya yatasimama kutoka hapo. Mbegu ya ua imo ndani ya ua.

Kijana: Na macho ya watoto, mama? Utomvu wa miyenzi ukiingia jichoni mtu anaweza kukesha hana usingizi, hata asione kwa muda.

Mama: Hilo silibishi. Anayekata avae miwani, au asimame upande ambao upepo unatoka, na asijifute uso kwa mkono uliokata. Likitokea la kutokea, jicho lioshwe kwa maji safi mengi, kisha mtu apelekwe kituo cha afya, asikae nyumbani akisubiri. Na pale watoto wanapopita kwenda shule mimi mwenyewe nisingeweka miyenzi. Ningeweka kitu kingine.

Mfugaji: Hapo ndipo nilipokuwa nasubiri. Hicho kitu kingine ninacho. Mama, miyenzi yako haina anayeila. Unakata mzigo mzima, unautupa. Mimi nilipata ng'ombe kwa mpango wa Girinka, ule ulioanza 2006, ng'ombe mmoja kwa familia. Ng'ombe wetu hawatembei, wanakula zizini, kwenye kiraro. Kila siku lazima nimpelekee wangu majani, na ardhi yangu yote ni shamba la maharage na viazi. Majani nitayapanda wapi kama si mpakani? Weka kaliandra, weka urubingo, ambao Watanzania huuita mabingobingo. Kule Embu, Kenya, watafiti wa kilimo mseto walifanya kazi na wafugaji wakaona kwamba kilo tatu za majani mabichi ya kaliandra hufanya kazi ya kilo moja ya chakula cha ng'ombe cha dukani. Wakahesabu kwamba vichaka 500 vinatosha kumwongezea ng'ombe mmoja lishe mwaka mzima.

Kijana: Kiwanja cha 20 kwa 30 kina mzunguko wa mita 100. Ukipanda kila nusu mita, mistari miwili, unapata vichaka 400. Vinapungua kidogo tu.

Mfugaji: Umeona? Ua unakuwa shamba.

Fundi: Mmehesabu vichaka, sasa hesabuni ardhi. Ua wa miti unakula mita moja ya upana. Mita 100 kwa mita moja ni mita za mraba 100 kasoro kidogo. Kiwanja kizima ni 600. Mmetoa sehemu moja ya sita ya bustani mkaipa miti, na bado sijataja mizizi inayovuka kwenda kunywa mbolea ya karoti. Ukuta wangu wa sentimita 40 unakula chini ya nusu ya hapo.

Hii ni hoja nzito kuliko zote alizotoa fundi, na watetezi wa miti huwa wanaipita haraka. Katika nchi ambayo familia nyingi za wakulima hazina hata hekta moja, mstari wa mita moja ni vitanda vya karoti, ni ada ya shule. Anayemshauri mkulima wa Mahoko apande ua hai lazima aonyeshe ua huo unarudisha nini. Jibu la mfugaji ni jibu zuri kwa mwenye ng'ombe. Kwa asiye na ng'ombe liko jibu la pili, nalo ni alizeti mwitu, ile yenye maua ya manjano inayoota kandokando ya barabara nyingi za Rwanda. Watu wengi huiona kama gugu. Majani yake yana naitrojeni nyingi na huoza upesi yakifukiwa, na katika magharibi ya Kenya wakulima wameyatumia miaka mingi kama mbolea ya kijani. Ua wa alizeti mwitu ukikatwa mara kwa mara hurudisha shambani sehemu ya kile mizizi yake ilichochukua. Usipokatwa, hula tu.

Na nusu ya jibu la upana iko kwa jirani. Mita moja hiyo ikipandwa juu ya mpaka, kila mmoja anatoa sentimita 50. Ikiwa kila mmoja anapanda ua wake upande wake kwa sababu hawaelewani, mita mbili zinaliwa na katikati panabaki njia ya panya.

Kijana: Mimi nina swali la nyuma kidogo. Kwa nini tunahitaji ua? Ng'ombe wako kwenye viraro, wamekwisha kusema. Mpaka uko kwenye hati. Kati ya 2009 na 2013 nchi nzima ilisajiliwa, vipande zaidi ya milioni 10, kila kimoja na namba yake. Nikitaka kujua kiwanja changu kinaishia wapi, naandika namba kwenye simu. Ua ulikuwa hati ya watu wasiokuwa na hati.

Mzee: Mwanangu, ulikuwa wapi walipopita kusajili?

Kijana: Nilikuwa mdogo, mzee.

Mzee: Basi nikueleze. Walikuja vijana wa hapa hapa, wamefundishwa siku chache, wana picha kubwa iliyopigwa kutoka angani. Walitembea na wenye mashamba, na majirani wakiwapo, wakauliza: mpaka ni huu? Tukasema ndiyo. Wakachora mstari juu ya picha kufuata kile kilichoonekana: ua, mfereji, njia, mstari wa miyenzi. Ndivyo ilivyokusudiwa, mpaka ufuate alama inayoonekana ardhini. Hawakupima kwa sentimita, wala wasingeweza, kwa idadi ile ya viwanja na kwa muda ule. Kwa hiyo hati yako ni ya kweli, na namba yako ni ya kweli, lakini mstari ulio kwenye simu umetokana na ua. Ukiung'oa ua, halafu mkagombana kwa hatua mbili, simu haitawasaidia kwa hatua mbili hizo.

Kijana: Na tukija kwenu abunzi?

Mzee: Abunzi ni watu saba waliochaguliwa kwa uadilifu. Hawana darubini. Wanafika shambani, wanauliza wazee, wanatafuta visiki. Kisiki cha muyenzi kinaongea vizuri kuliko mashahidi kumi. Nguzo ya mkaratusi mtu anaihamisha usiku. Seng'enge anaihamisha usiku. Mstari wa miti ya miaka 30 haumfuati mtu usiku.

Fundi: Hata ukuta wa mawe hauhamishwi usiku, mzee wangu.

Mzee: Sikukataa ukuta. Nimekataa kutokuwa na kitu.

Kijana: Na wezi? Karoti zikikaribia kuvunwa, hapa karibu na barabara ya lami hazilali salama. Tuseme ukweli, watu wanajenga kuta ndefu kwa sababu hiyo.

Mama: Mwizi akishaingia ndani ya ukuta mrefu, ukuta unamlinda yeye. Anachimba taratibu, hakuna anayemwona. Ua uliokatwa ukaishia kifuani unamwacha jirani aone. Miaka yote hii aliyeniokolea vitunguu vyangu ni mwanamke wa ng'ambo aliyetoka usiku akaona kitu kinatikisika, akapiga kelele.

Fundi: Na huyo wa ng'ambo akihama?

Mama hakuwa na jibu la hapo hapo, nami sina la kumsaidia kwa sasa. Swali la jirani asiyekuwapo litarudi.

Kuna jambo lililobadili mazungumzo yote ya nyua katika bonde hili, nalo ni maji. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilipiga magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Watu zaidi ya 130 walipoteza maisha, wengi wakiwa wamelala, udongo wa mlima ukawafunika au nyumba zikawaangukia. Sebeya ilitoka katika kingo zake ikaingia makazi na mashamba ya Rubavu. Hakuna ua wa bustani ambao ungeuzuia mto ule usiku ule, na ni dhuluma kwa waliofiwa kusema au kudokeza vinginevyo. Kazi ya kuupunguza kasi mto ni ya serikali na ya bonde zima: mabwawa ya kupokea maji, kingo zilizoimarishwa, matuta na mianzi iliyopandwa katika mradi wa bonde la Sebeya uliofadhiliwa na Uholanzi. Lakini baada ya maji kupungua, kila mwenye bustani alibaki na uamuzi mdogo wa kwake: pale ua ulipokuwa, arudishe nini?

Fundi: Wengi waliniita mimi. Waliogopa. Walitaka kitu kizito.

Kijana: Uzito peke yake haushindi maji, fundi. Maji ya kimo cha mita moja yakisimama nyuma ya ukuta, kila mita moja ya urefu wa ukuta inasukumwa kwa nguvu ya karibu nusu tani. Yakifika mita mbili, nguvu haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne, tani mbili kwa kila mita. Ukuta usiopitisha maji unayakusanya, halafu unaanguka wote kwa mara moja, na mawe yanakwenda na maji hadi kwenye nyumba ya chini.

Fundi: Huo ni ukuta wa saruji wa mtu asiyejua kazi. Sikiliza, nikueleze ukuta wa mawe. Unachimba msingi hadi udongo mgumu. Mawe makubwa chini. Kila jiwe linakaa juu ya mawili, halikai juu ya moja, kama si hivyo utapata ufa unaopanda wima. Kila baada ya hatua mbili unaweka jiwe refu linalovuka unene wote, linafunga uso wa huku na uso wa huku. Ukuta unaegemea mlimani, hausimami wima. Na hutii saruji katikati. Maji yanapita kati ya mawe, yanaacha udongo nyuma. Anayetaka saruji kwa ajili ya sura, lazima aache matundu ya kutolea maji karibu na ardhi. Wateja wengi wanayachukia matundu hayo, wanasema panya wataingia. Wanayaziba. Baada ya masika mawili ukuta unatoa tumbo, na tumbo likishatoka hakuna dawa, unabomoa uanze upya.

Kijana: Na mwaka 2021?

Fundi: Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei, ardhi ilitetemeka siku kadhaa, Gisenyi yote iliyumba. Kuta za matofali zilizosimama peke yake bila nguzo zilipasuka, nyingine zikalala. Ukuta wa mawe makavu ukiyumba, mawe mawili matatu yanaanguka, unayarudisha. Hiyo ndiyo hoja yangu.

Mama: Umesema unayarudisha.

Fundi: Ndiyo.

Mama: Basi na wewe una kazi kila mwaka. Ulianza kwa kusema ukuta unajengwa mara moja.

Mama amegusa mahali penyewe. Uzuri wa ukuta, kama unavyouzwa, ni kwamba mtu akishalipa amemaliza. Hapa Rubavu tuna ushahidi mkubwa kwamba si hivyo. Kando ya Hifadhi ya Taifa ya Volkano, kuanzia upande wa Uganda hadi upande wa Congo, uko ukuta wa mawe ya volkano yaliyopangwa bila saruji, wenye urefu unaozidi kilomita 70. Ulijengwa ili nyati wasitoke hifadhini kuingia katika mashamba ya viazi. Hauzidi sana kimo cha kifua cha mtu. Ni kazi kubwa na nzuri, na imewaokolea watu wengi mavuno. Lakini mawe huanguka. Mvua hula msingi, nyati hulazimisha njia, watu huruka kufuata kuni na maji, na kila mahali jiwe la juu lilipodondoka pamekuwa mlango. Ukuta ule unasimama kwa sababu watu wa vijiji vinavyopakana nao hurudi kuukagua na kuupanga upya. Palipokosa mtu wa kurudi, yalibaki mawe tu. Na kama jamii inayopakana na hifadhi, yenye sehemu ya mapato ya utalii iliyopandishwa hadi asilimia 10 mwaka 2017, inahitaji kupangiana zamu ya kurudi, sembuse majirani wawili wenye mita 30 za mpaka.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Katika bustani za Mahoko, kwenye udongo tambarare na kwenye mteremko wa kawaida, ningetengeneza ua hai badala ya kuung'oa, na ningeutengeneza kwa miti inayoliwa au inayorutubisha. Sababu yangu kubwa si mandhari wala mazingira kwa ujumla. Ua hai ukipuuzwa hutoa taarifa mapema: unaanza kuwa uchi chini, unaning'inia njiani, jirani anauona na kulalamika mwaka huo huo, na dawa yake ni panga na asubuhi moja. Ukuta ukipuuzwa hukaa kimya miaka mingi halafu huanguka siku ya mvua, siku ambayo hakuna mwenye nguvu wala fedha za kuuinua. Maskini anaweza kumudu kosa la kwanza. La pili linamfilisi.

Fundi: Na kwenye mteremko mkali? Mbona umesema mteremko wa kawaida tu?

Kwa sababu hapo fundi ana haki. Palipo na ukingo unaobomoka, mti uliopandwa leo hauna mizizi ya kuushika hadi uishe mwaka wa pili au wa tatu, na mvua haingoji. Pale ni mawe, yaliyopangwa kama alivyoeleza, na ua upandwe juu yake.

Mama: Na kando ya mto?

Mzee: Kando ya mto hakuna cha kujadili. Sheria iliweka ukanda: mita 50 kwa ziwa, mita 10 kwa mito mikubwa, mita 5 kwa midogo. Humo hajengi mtu ukuta. Humo ni mianzi na nyasi, na ni mali ya wote. Bustani yako ianze baada ya hapo, mama, hata kama baba mkwe wako alilima hadi majini.

Mama: Alilima hadi majini. Na tuliyaona.

Mzee: Sasa tufike kwenye kiini. Mmenena miti, mmenena mawe. Mimi niliyekaa na kesi za mipaka nawaambia, sikuwahi kuona watu wakigombana kwa sababu ya aina ya mti. Waligombana kwa sababu mmoja alikata na mwingine hakukata.

Mama: Mzee, hapo niruhusu niseme bila kuzunguka. Hapa hakuna hata mmoja wenu wanaume wanne aliyebisha kwamba ua ukatwe mara mbili kwa mwaka. Nani atakata? Mfugaji anasema ua ni shamba la majani. Majani hayo nani anayabeba kichwani jioni? Nimewasikia wanaume wakisifu ua hai mikutanoni, na nyumbani panga likawa mkononi mwa mke na majani kichwani mwa binti. Mume wangu yuko Goma kwa biashara, anarudi mwisho wa mwezi. Mkinipa mita 100 za kukata na kufunga, mmenipa siku kadhaa za kazi katika wakati ule ule wa kupanda maharage. Ukuta wa fundi una ubaya wake, lakini hauniamshi alfajiri.

Nakiri kwamba katika maandishi mengi ya kilimo mseto niliyosoma, sentensi hii ya mama huwa haipo. Huandikwa faida ya majani, huandikwa idadi ya vichaka, na mkono unaokata hautajwi.

Mfugaji: Mama, kwangu mimi ndiye ninayekata. Lakini sikatai, nyumba nyingi ziko kama unavyosema.

Mzee: Desturi niliyoiona ikifanya kazi ni hii. Kila mmoja anakata uso wake, ule unaotazama bustani yake. Juu wanakata kwa zamu, mmoja kabla ya umuhindo, mwingine kabla ya itumba. Kimo wanakubaliana mwanzo, wanakitaja mbele ya mtu wa tatu: kifuani. Kilichokatwa ni cha aliyekata. Pengo likitokea, analiziba yule ambaye mnyama wake alilifungua, na kama mnyama hajulikani, wanaziba pamoja. Hakuna karatasi, lakini kiongozi wa mudugudu, yaani wa kijiji, anajua.

Kijana: Na jirani asiyekuwapo? Fundi aliuliza mapema, hakujibiwa. Nusu ya viwanja vya juu ya barabara siku hizi vina wenyewe Kigali au Goma. Wamenunua, wanangoja bei ipande. Uso wao wa ua haukatwi na mtu.

Mzee: Hilo kwa kweli linatushinda. Umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ni kwa barabara na mifereji ya wote, hatuwezi kuupeleka kwenye mpaka wa mtu binafsi. Kumshitaki mtu wa Kigali kwa sababu ya matawi, utamaliza nauli kabla hujamaliza matawi.

Mfugaji: Mnipe mimi.

Mzee: Nini?

Mfugaji: Huo uso usio na mtu. Mimi nina ng'ombe na sina majani. Mwenyewe apande kaliandra au aniruhusu niipande, nami nitakata upande wake na upande wa mama, mara nne kwa mwaka si mbili, maana ng'ombe hangoji msimu. Majani ni yangu. Mama anabaki na ua uliokatwa na asubuhi zake.

Mama: Na kimo?

Mfugaji: Kifuani.

Mama: Kifuani mwangu. Wewe ni mrefu.

Mzee: Mwenye kiwanja lazima akubali, apigiwe simu, na kijana ashuhudie. Asije akasema kesho kwamba mfugaji amejimilikisha mpaka kwa sababu alipanda miti.

Kijana: Nitampigia. Hata ujumbe mfupi nitamwandikia, ubaki kwenye simu, pamoja na picha ya mstari ulivyo sasa, kabla kisiki chochote hakijaguswa.

Fundi: Na zile mita tatu za chini, pale ukingo ulipomomonyoka, nitaweka mawe. Kwa bei ya mawe tu, mama, kazi nitakudai karoti. Lakini matundu usiyazibe.

Mama: Sitayaziba. Uje kabla ya mwezi wa tisa, miche ya mfugaji ipate kushika mvua ya kwanza.